Shemeji wa kwa Mama wa Nywele

Mutu mufupi kumushinda yee sikuonaka tena Bunia. Na mutu wa kiburi kumushinda yee, hata ukipanda pikipiki, ile tunaita moto, toka Rwambuzi, mutaa wetu, mpaka kule chini Kasenyi, uulize nyumba kwa nyumba, utarudia mikono mitupu. Nikisema mutu, musinicheke. Siye wote wa ile avenue tulimuhesabiaka kama mutu. Alikuwa na nafasi yake, alikuwa na saa yake ya kula, alikuwa na watu wenye anasalimia na watu wenye anawageuzia mugongo. Lakini alikuwa ndege. Ndege mudogo, wa kijani, wa jamaa ya kasuku lakini hapana kasuku yetu ya pori. Kasuku ao hapana kasuku, juu ya ile mambo tu avenue muzima ilikosa usingizi. Nitafika pale, musiwe na haraka.

Jina hakuwa nayo. Mama wa Nywele, ule mama mwenye kusuka mwenye alikuwa naye, alimwitaka "bwana yangu." Mama wa Nywele alikuwa mujane, tena mujane mwenye sura muzuri, na wanaume wa Rwambuzi walikuwa wanapitapita mbele ya bâche yake, ile turubai ya kusukia, sawa inzi mbele ya samaki. Mwanaume anakaa kwenye benchi, anaanza maneno ya sukari. Mama wa Nywele hata haachi kichwa yenye anasuka, anaonyesha juu na kidole: "Uliza kwanza bwana yangu." Na bwana yake anashuka. Anatembea pole pole kwenye bega ya ule mwanaume, anamuangalia ndani ya sikio kama docta, kisha anakata. Nilionaka mwanaume munene, mwenye kubeba gunia mbili za mihogo mara moja, anakimbia mpaka kwenye rond-point anaita mama yake. Toka pale wanaume wote tukamwita Shemeji. Wamama nao wakamwita Shemeji. Hata pastere wetu, akipita, anatosha kofia: "Shemeji, bonjour."

Mie niko natengeneza mipira ya moto na ya kinga, ile baiskeli. Nafasi yangu ilikuwa ngambo ya barabara, mbele ya bâche ya Mama wa Nywele kabisa. Basi miaka yote ile jicho yangu moja ilikuwa kwenye mupira, na jicho ingine kwa Shemeji. Sikusoma masomo, lakini ule ndege nilimusoma mpaka mwisho.

Tuanze na mwili. Mugongo yake ilikuwa kijani, ile kijani ya sombe, majani ya mihogo, yenye wametwanga muzuri mbele ya kutia mafuta. Kichwa na mabawa pia kijani. Lakini uso na kifua vilikuwa rangi ya majivu, na kwenye kifua misitari midogo midogo kama maganda ya samaki. Ungesema mutu mwenye amevaa tablier ya kupika na amesahau kuitosha. Mudomo yake ilipindama, rangi ya punje ya muhindi wa kuchoma. Akifungua mabawa, pale ndani unaona bleu, bleu ya kitoko, ya kupendeza kabisa. Mie nawaambiaka watu: mwenye hakuona ile bleu hajue rangi. Na mukia! Nusu ya Shemeji ilikuwa mukia. Ukitosha mukia, mwenye anabakia anaenea ndani ya kopo ya chai, na nafasi ya sukari inabakia. Uzito yake ilikuwa ya andazi moja, tena andazi ya jana.

Alikuwa anatembea kama mutu mwenye ameazima viatu ya mukubwa yake. Na alikuwa na ile tabia ya kutetemesha kichwa. Akifurahi, anatetemesha. Akiomba kitu, anatetemesha. Akiona Mama wa Nywele anarudia kutoka soko, anatetemesha mpaka kajumba kake ka waya kanalia kama kengele ya kanisa. Wageni walikuwa wanafikiri iko na malaria. Mama moja alileteaka ule ndege kinini, nusu ya kidonge, imefungwa muzuri ndani ya karatasi. Shemeji akaichukua kwa adabu, akaitupa ndani ya sahani ya ule mama.

Mambo ya kuzaliwa kwake musiniulize. Nachojua, soda moja, askari wa amani wa kofia ya bleu, wa ile inchi za America ya chini, njo alimuleta, amemuficha ndani ya koti wakubwa wake wasione. Ule soda alikuwa anakuja kunyolewa kwa Mama wa Nywele. Wakati kundi yao ilirudia kwao, avion ilikataa ndege, na soda akakaa kwenye benchi akalia kama mutoto. Mama wa Nywele akamuambia: "Acha. Nitamuchunga." Njo vile. Kwa mwanzo Shemeji alikuwa anasema luga ya kule kwao. Nafikiri alikuwa anatutukana. Siye hatukusikia kitu, tukawa tunacheka na kumupa karanga.

Nyuma akajifunza luga yetu, lakini yenye kumufaa tu. Neno yake kubwa ilikuwa "Kaa sawa!" juu njo Mama wa Nywele anaambiaka kila kichwa toka asubui mpaka jioni. Kuliko yote alijua kupiga filimbi kama wale wa moto wakiniita. Nasikia filimbi, nachukua pompe, navuka barabara mbio, nauliza: "Mupira gani?" Hakuna moto, hakuna mupira. Juu kule mutu mumoja anatetemesha kichwa kwa furaha. Nilivukaka ile barabara bure mpaka nikakonda. Muke yangu akauliza kama niko na mwanamuke ngambo.

Na alikuwa anajenga. Ndege zingine zinaimba, yee alikuwa maçon. Hakuna siku alilala bila kuongeza kitu. Vijiti, majani makavu, kamba, na kuliko yote meshi, ile nywele ya kuongeza yenye wamama wanasukiwa. Anangoja Mama wa Nywele ageuke, anashuka, anavuta uzi moja, anapanda, anausuka kati ya vijiti, huku na kule, huku na kule, anakaza. Wasichana wenye walikuwa wanajifunza kusuka pale, Mama wa Nywele aliwaambiaka: "Muangalie bwana yangu namna anakaza. Nyie munasuka kama mutu anafunga mbuzi." Nyumba yake ilizidi kajumba ka waya, ikatoka inje, ikashika muti ya bâche. Ilikuwa na barza, na salon, na chumba cha kulala. Mie na watoto yangu tulikuwa tunalala chumba moja.

Sasa mumusikie tabia. Ukimukuta inje, kwenye benchi ao kwenye bega, alikuwa mutu mwema. Anakuja, anainamisha kichwa umukune kwenye shingo, anafunga macho, anakuongelesha pole pole. Lakini ujaribu kutia kidole mulango mwa nyumba yake! Hapo shetani anaamka. Anafungua mudomo, anafura, anakuwa mara mbili ya ile Mungu alimupa. Hata Mama wa Nywele mwenyewe, mwenye alimupenda kuliko macho yake, alikuwa anamutilia maji kwa kijiko yenye mukono murefu. Mie nilimuelewa vizuri, kwa kweli. Ile miaka, siye wote wa Bunia tulikuwa vile. Kwenye barabara tunachekeana. Lakini usikaribie mulango mwa mutu.

Juu ilikuwa ile wakati vita ilikuwa imenyamaza, na hakuna mutu alijua kama imelala ao iko inapumua tu. Watu walirudia, wengine wakapata nyumba bila mabati, wengine mabati bila nyumba. Soko ilikuwa inafunguka, moto zilijaa tena sawa mende. Lakini macho ya watu haikurudia.

Bâche ya Mama wa Nywele ilikuwa kwenye kona kabisa, kati ya upande wa juu na upande wa chini. Benchi ilikuwa moja, ndefu. Upande wa juu alikuwa anatoka Mama wa Maziwa, mama murefu, mukavu, mwenye kuuzisha maziwa ndani ya kibuyu. Upande wa chini alikuwa anatoka Mama wa Mihogo, mama mufupi, mwenye kucheka haraka na kukasirika haraka zaidi, mwenye kuchoma mihogo kwenye mbabula, jiko ya makaa. Mbele ya vita wale wawili walikuwa wanabebeana watoto. Kisha kila mumoja alizika watu. Sitasema nani aliua nani. Kila mutu wa hapa anajua kuanza ile hesabu, sijaona mwenye aliimaliza. Sasa wanakaa kwenye benchi moja, juu hakuna mutu mwingine Rwambuzi mwenye alijua kusuka kama Mama wa Nywele, lakini kusalimiana, hapana. Kuangaliana, hapana. Wanakaa kama mutu na ukuta.

Njo Shemeji akapata kazi.

Siku moja Mama wa Maziwa akainua macho kwenye waya, akasema: "Shemeji, ambia ule mama kikapo yake iko inakanyanga kikwembe yangu."

Mama wa Mihogo naye akainua macho. "Shemeji, ambia ule mwengine kikwembe yake iko ndefu kama barabara ya Mahagi. Nitaweka kikapo wapi? Kwenye mawingu?"

Shemeji akaangalia huyu, akaangalia ule. "Kaa sawa!"

Mama wa Maziwa akavuta kikwembe, ile nguo ya kujifunga. Mama wa Mihogo akasogeza kikapo. Kila mumoja akacheka, lakini akichekea upande wake.

Toka pale ikawa desturi ya ile benchi. Wamama wa juu na wamama wa chini wakasemezana kupitia Shemeji. Hakuna mwenye alivunja ile sheria. Kichwa juu, macho kwenye kajumba, "Shemeji, ambia ule mama." Chumvi ilipita vile. Habari ya bei ya sombe ilipita vile. Matusi pia yalipita, tena mingi, na Shemeji aliyapokea yote bila kubadilisha sura. Siku moja nikasikia Mama wa Maziwa, sauti ya chini: "Shemeji, ambia ule mama nilisikia mutoto wake iko na kuhara. Amupe maji ya muchele, asimunyime." Na Mama wa Mihogo akainua macho: "Shemeji, ambia ule mama nimesikia."

Nilimuulizaka Mama wa Nywele, wakati ananirudishia pompe yenye Shemeji alikuwa ameiba kifuniko yake: "Mama, hii ndege ikikufa itakuwa namna gani?"

Alikuwa mama wa maneno machache, mwenye kusema sawa mutu anakata uzi. "Ikikufa, hii benchi inapasuka katikati. Wa juu watabakia juu, wa chini watabakia chini. Na mie nitahama."

"Utahama juu ya ndege?"

"Bwana yangu wa kwanza alikufa juu watu walikosa mutu wa kupitisha neno kati yao. Sitakaa tena mahali kama ile." Akaniangalia. "Na weye, kifuniko ya pompe yako iko kwenye salon ya huyu. Ingia uichukue."

Sikuingia. Niko na vidole kumi, nilitaka kubakia nayo.

Sasa tufike kwa kasuku. Shefu wetu wa avenue alikuwa muzee wa kutoka pori ya upande wa Mambasa, na mambo yote ya pori alikuwa anaisemea kama yee njo alipanda ile miti. Siku ya kwanza alimuona Shemeji, akaweka fimbo chini, akatangaza: "Hii iko kasuku. Mutoto bado. Muone kifua, majivu imeanza. Itapanda mpaka mugongo, kisha mukia itakuwa mwekundu."

Tukamuamini. Kasuku siye tunajua: kubwa, ya majivu muzima, mukia mwekundu kama pilipili. Na huyu, kweli, majivu ilikuwa imeanza kifuani. Tukangoja. Mwaka ikapita, majivu ikakaa pale pale. Shefu akasema: "Anakosa ngazi. Kasuku bila ngazi haiive." Basi avenue muzima ikaanza kuleta ngazi, ile matunda ya mafuta ya mawese. Kila mutu na kikapo yake. Shemeji alikuwa anashika moja, anaionja, anatupa. Anatupa juu ya vichwa vya watu. Wamama walikuwa wanaingia na nywele mweusi, wanatoka na nywele ya orange. Kila siku ya Mungu, nyuma ya misa, shefu alikuwa anakuja, anainama nyuma ya Shemeji, anaangalia mukia. Na siku moja akapiga kelele: "Mwekundu! Mwekundu imeanza!" Tulikimbia wote. Nilipiga pompe chini. Wengine walicheza. Jioni mvua ikanyesha, na mwekundu ikashuka kwenye benchi: ilikuwa mafuta.

Shefu hakurudia nyuma. "Itarudia," akasema. Na akaendelea kutangaza kwenye soko, kwenye kanisa, kwenye matanga: "Kwetu kuko kasuku iko inaiva." Njo mudomo yake ilileta balaa.

Asubui moja, moto ikasimama mbele ya bâche, akashuka agent wa mambo ya wanyama wa pori. Mwanaume wa suruali ya kunyoosha, hapana mubaya, mutu wa kazi yake. Benchi ilikuwa imejaa.

"Tumesikia hapa kuko kasuku," akasema. "Kasuku iko mali ya Leta, ya serikali. Haifungwake."

"Haiko kasuku," Mama wa Nywele akajibu, mikono ndani ya nywele ya mutu.

"Shefu wenu mwenyewe anasema." Agent akainua macho, akaona kijani. Akaangalia meza ya Mama wa Nywele: kuko chupa za rangi ya nywele, za mweusi, za mwekundu, za kila namna. Nikamuona anafikiri. Uso yake ikafunguka kama mutu mwenye amepata funguo. "Aaa! Mama. Umemupaka rangi!"

Mungu wangu. Tulicheka mpaka tukachoka. Yee hakucheka.

"Umepaka kasuku ya Leta rangi ya kijani juu tusiijue. Kwenye kifua rangi imeanza kutoka, naona majivu pale. Shefu! Weye sema."

Shefu alikuwa amefika, na fimbo yake. Avenue muzima ilimugeukia. Akisema hapana, amekuwa muongo mbele ya watu yake. Akisema ndiyo, ndege inaenda.

"Tuseme," shefu akasema, "iko kwenye njia ya kuwa kasuku."

Basi imeisha. Agent akatia mukono kwenye kajumba. Sitaelezea. Niseme tu akaazima kitambaa yangu ya kupangusa grasi, akafunga kidole, kisha akabomoa kajumba pamoja na barza na salon na yote, akaifunga nyuma ya moto. Moto ikaenda. Tulisikia "Kaa sawa! Kaa sawa!" mpaka kwenye kona, kisha hakuna kitu.

Mama wa Nywele akamaliza kile kichwa alikuwa anasuka. Alisuka vibaya, na hakuna mutu mwenye alimuambia.

Kesho yake wamama wakakuja, wakakaa. Kikapo ikakanyanga kikwembe, mwenye kikwembe akainua macho, akakuta anga tu. Akavuta kikwembe kwa hasira. Benchi ilikuwa kimya, hata filimbi ya kunidanganya hakuna. Siku ya kufuata, wamama wa chini hawakukuja wote. Nyuma yake, wa juu wakapunguka. Nikamuona Mama wa Nywele anakunja meshi zake, anaziweka ndani ya gunia, anafunga gunia. Nilijua maana yake.

Shefu alikuwa amejifungia ndani kwake. Asubui moja ya mvua nikamuona anatoka, amevaa koti yake ya sikukuu, anapita bila kusalimia mutu, anaelekea kwenye bureau ya wanyama. Midi, saa sita, ikafika, akarudia. Koti ilikuwa kwenye mikono, imekunjwa kama mutu anabeba mutoto muchanga. Yee mwenyewe alikuwa na shati tu, mvua inamupiga.

"Walimufua," akasema. "Na sabuni ya kufua, kama suruali. Walitafuta rangi itoke. Nikawaambia: mie njo muongo, mie njo nilidanganyika, hii hapana kasuku, haitakuwaka kasuku. Wakanisikia nyuma ya kumufua. Mbele ya kumufua hakuna mwenye alinisikia."

Akafungua koti. Shemeji alikuwa kijani, ile kijani yake yote. Lakini alikuwa amekonda kama kidole gumba, manyoya yamelala kwenye mwili, macho imefungwa. Na kichwa haikutetemeka. Mie nilizoea kumuona anatetemesha kila siku.

Mama wa Nywele akanyoosha mikono, akaona ina mafuta na rangi, akairudisha. Akakaa kwenye gunia yake ya meshi.

Mama wa Maziwa, mumoja wa wale wachache wenye walikuja, njo alisimama. Akamukamata Shemeji, akamutia ndani ya kikwembe, kwenye kifua. Akangoja. Lakini yee alikuwa ametembea kwenye mvua toka juu kule, nguo yake yote ilikuwa maji. Ngambo ya benchi Mama wa Mihogo alikuwa amesimama, na mbabula yake bado inawaka nyuma yake, moshi inamutoka kwenye nguo.

Mama wa Maziwa akafungua mudomo. "Shemeji, ambia ule..."

Akaacha. Akaangalia chini, ndani ya kikwembe. Kweli nawaambia, hata mvua ilipunguza sauti.

"Mama," akasema. Alimuangalia kabisa, macho kwa macho. "Mie niko baridi. Weye umetoka kwenye moto. Mukamate."

Mama wa Mihogo hakutembea, aliruka. "Leta. Hapana vile, kichwa ibakie juu, atakosa pumuzi. Fungua hapa. Sukuma hii kitambaa."

"Iko inapumua?"

"Nasikia moyo. Kidogo. Iko na sukari?"

"Iko nyumbani."

"Hapana ya nyumbani! Ya hapa! Weye, fundi wa mupira, unasimama kama nguzo, leta chai yako!"

Nikaleta chai yangu. Wakamutia tone kwenye mudomo na ncha ya kidole, mumoja anashika kichwa, mwingine anaweka tone. Vichwa vyao viwili vilikuwa karibu mpaka nywele zikagusana. Ikapita muda murefu.

"Mutoto yako," Mama wa Maziwa akasema pole, "ule wa kuhara."

"Alipona. Maji ya muchele."

"Mungu asifiwe."

Kisha Mama wa Mihogo akauliza, macho kwenye ndege: "Na muzee yako, baba wa watoto?"

"Muzee hakurudiaka."

"Pole, mama. Pole sana. Nilipashwa kusema toka zamani."

Mama wa Maziwa alitikisa kichwa tu, na maji ilikuwa inashuka kwenye uso yake, na sitaapa kama ilikuwa ya mvua.

Pale pale Mama wa Mihogo akapiga kelele yenye walisikia mpaka Uganda. "Yoo! Ananiuma! Kwenye titi! Ananiuma huyu mushenzi!"

"Anauma?" Mama wa Nywele akaruka kwenye gunia.

"Anauma kama mbwa!"

Tukapiga makofi, tukacheza kwenye matope, na shefu akacheza na shati ya maji, fimbo juu. Sijaonaka mutu anaumwa na ndege na watu wanamushangilia vile.

Mie nyuma ya pale nilihama. Nilishuka Kasenyi, kwa sababu kule moto za kubeba samaki zinapasua mipira kama maputo, na kazi iko mingi. Miaka ikapita. Siseme vita iliisha juu ya ndege, mie naongopeaka lakini hapana mpaka pale. Kule juu mambo bado ilikuwa inaamka na kulala. Lakini siku moja nilipanda Bunia kutafuta kolo, gundi ya mupira, nikapita Rwambuzi.

Benchi ilikuwa pale. Mbele ya kufika nikasikia makelele, nikafikiri wanapigana. Walikuwa Mama wa Maziwa na Mama wa Mihogo, wamezeeka wote wawili, wamesimama mudomo kwa mudomo.

"Mie njo nilifika wa kwanza!"

"Ulifika wa kwanza wapi? Ulikuta kikapo yangu!"

"Kikapo haina nywele! Kikapo haisukwe!"

"Na weye, iko nywele gani pale ya kusuka? Tatu?"

Mama wa Nywele alikuwa katikati, anasuka mutu mwingine, wala hainui macho. Juu yake kulikuwa nyumba ya vijiti kubwa kama gunia ya makaa, na kwenye barza yake alikuwa amekaa Shemeji. Kijani ilikuwa imepauka kidogo. Kucha moja ilipotea. Alifungua jicho moja, akaniangalia kama muzee wa pension mwenye umemupigia hodi wakati ya kulala, akaifunga.

"Mama," nikasema, "Shemeji iko kimya sana. Hasemake tena?"

Mama wa Nywele akakata uzi kwa meno, akaangalia wale wamama wawili wenye walikuwa wanatukanana mbele yake, akacheka.

"Aseme nini? Hakuna tena mwenye kumutuma."